Kisu cha Kukunja na Komeo Lake

Katika darasa la watu wazima nililokuwa nikilifundisha Nakivale siku za Jumamosi, palitokea jambo dogo ambalo ndilo chanzo cha makala haya. Somo la siku hiyo lilikuwa majina ya vyombo vya nyumbani. Nilichora kisu ubaoni, nikawataka wanafunzi wakitaje kwanza kwa lugha za kwao. Mganda akasema akambe. Mnyarwanda akasema icyuma, neno ambalo kwao ni kisu na pia ni chuma chenyewe. Mrundi akasema imbugita, na Msomali akasema mindi. Mama mmoja aliyetoka Kivu akacheka, akasema kwamba kwao ni kisu tu, wala hana haja ya kufundishwa neno alilozaliwa nalo.

Hapo mzee mmoja wa Kikongo, fundi viatu, akatia mkono mfukoni, akatoa kisu kilichokunjwa, akakifungua kwa kidole gumba hata kikalia. Akakiinua ili wote wakione, akaniuliza: "Mwalimu, na hii kisu ya kukunja, ile kitu inakamataka kisu isijifunge, munaiita namna gani?"

Nilikosa jibu. Mpini nilikuwa nao, na makali, na ncha, na bapa, na mgongo. Hata msuka niliukumbuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Lakini kile kitu kinachokishika kisu kilichofunguliwa kisije kikamfumbia mtu vidole, sikuwa na jina lake. Nikamwambia, "Mzee, nipe juma moja." Juma hilo limekuwa miaka kadhaa, na sasa nathubutu kuwaletea walimu wenzangu kile nilichokipata, kwa maana kutafuta jina la kitu kulinilazimu kuitafuta historia yake.

Yafaa kwanza kumweleza msomaji aliye mbali Nakivale ni pahali gani. Ni makao ya wakimbizi yaliyo kando ya ziwa la jina hilo, kadiri ya kilomita 60 kutoka mjini Mbarara, katika wilaya ya Isingiro ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Yalianzishwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda wengi walipokuwa wamekimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Mwaka 1994 wengi wa wakimbizi hao wa kwanza walirudi makwao, na Wanyarwanda wengine wakaingia mahali pao. Tangu hapo wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, hata idadi ya watu ikapita laki moja. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri, na desturi ya makao ni kumpa kipande cha ardhi alime. Kwa hiyo Nakivale si kambi ya watu walioketi wakingoja chakula tu. Kuna maseremala, wachinjaji, washonaji, wavuvi na mafundi viatu, na kila mmoja wao ana kisu chake.

Walakini ni lazima kusema neno jingine. Wengi wa watu hao wamekimbia makali. Wameona panga la shambani likigeuzwa kazi yake. Mtu akichomoa kisu kirefu sokoni, hata kama ni cha kukatia muwa, wapo wanaonyamaza ghafula. Kwa hiyo swali la kisu gani mtu achukue kila siku, nacho kikae wapi mwilini mwake, kwa watu hawa si swali la urembo.

Hapo kale hapakuwa na kisu cha dukani. Katika nchi hizi za maziwa makuu, aliyetaka kisu alikwenda kwa mhunzi, akamweleza kazi yake, akaonyesha kiganja chake, akakubaliana naye malipo, kisha akangoja. Kwa maneno mengine, kila kisu kilikuwa cha kuagiza. Leo, huko Ulaya na Marekani, kisu kilichotengenezwa na fundi mmoja kwa ajili ya mtu mmoja ni anasa ya wenye fedha. Kwa babu zetu hicho ndicho kilichokuwa cha kawaida. Katika Ankole wahunzi walikuwa aghalabu watu wa Bairu, yaani wakulima, nao Bahima wafugaji walipata kwao mikuki na visu. Na ufundi wa pande hizi haukuwa mdogo. Kusini ya mpaka, katika Buhaya, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichunguza mabaki ya matanuri ya kale, na katika miaka ya 1970 wazee waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri tena na kuyeyusha chuma mbele yao. Mwaka 1978 wakaandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa huko walikuwa wakipata chuma cha pua, kile ambacho washairi wetu hukiita feleji, tangu zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Jambo hilo walimu wa historia hulitaja mara chache mno.

Visu hivyo vya kale vilikuwa na msuka uliochomekwa katika mpini, na ala ya ngozi au ya mti. Havikukunjwa. Lugha yetu nayo ilivigawa kwa kazi zake na kwa maumbo: kotama ya mgema, iliyopinda, shembea, sime ya watu wa bara, jambia la Waarabu lililovaliwa mbele ya tumbo. Vyote vilivaliwa waziwazi. Mwenye kisu alionekana kuwa ana kisu, na heshima yake ilikuwa katika kukiacha ndani ya ala. Wakuba wa Kongo husimulia kwamba mfalme wao Shyaam, aliyetawala katika karne ya 17, alipiga marufuku kisu cha vita cha kurusha, na mahali pake akawaletea wanaume ikul, kisu kipana chenye umbo la jani ambacho kingine kilikuwa cha mti mtupu, wakivae kiunoni kila siku. Masimulizi hayo yaliandikwa na Emil Torday, aliyezuru huko mwanzoni mwa karne ya 20. Iwe ni historia au ni hadithi, yaonyesha kwamba watu wa Afrika walikwisha kulifikiri swali la kisu cha kuchukua kila siku kabla ya maduka.

Kisu cha kukunja, kwa upande wake, ni mtoto wa mfuko. Mtu aliyevaa ngozi au gome la mti hana mahali pa kukitia. Aliyevaa suruali, koti au kanzu anapo. Warumi wa kale walikuwa navyo, lakini vilienea hasa baada ya miji ya Sheffield katika Uingereza na Solingen katika Ujerumani kuanza kuvitengeneza kwa wingi na kwa bei nafuu. Katika Ulaya kisu kidogo cha namna hiyo kilikuwa chombo cha waandishi, kwa sababu kalamu ya unyoya huchongwa kila mara. Waandishi wa pwani yetu nao walichonga kalamu zao za matete kwa kisu kidogo, na neno kijembe katika kamusi za zamani ni kisu kidogo cha kazi kama hiyo. Sisi leo tunalijua neno hilo zaidi kwa maana ya maneno ya kuchoma yaliyofichwa ndani ya maneno matamu. Naona maana hii ya pili yakifaa sana kisu cha mfukoni, maana nacho ni makali yaliyofichwa.

Visu vya kwanza vya kukunja havikuwa na komeo. Vilikuwa na kamani tu, yaani ulimi wa chuma wenye kurudi nyuma ukisukumwa, uliolala mgongoni mwa mpini na kuugandamiza msuka. Kamani hukizuia kisu kisifunguke mfukoni na kisifunge ovyo, lakini mtu akikibonyeza kwa nguvu upande wa mgongo, kisu hujifunga, na vidole vimo njiani. Kwa kuchonga kalamu hilo si neno. Kwa kukata ngozi ya soli ni neno kubwa. Ndiyo sababu mafundi wa Ulaya walitafuta njia za kukifunga kisu kikiwa wazi. Joseph Opinel wa Savoie, Ufaransa, alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu cha bei nafuu chenye mpini wa mti, kwa ajili ya wakulima. Na mwaka 1955 Marcel Opinel akakiongezea pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini, kikawa hakijifungi. Pete ya chuma shingoni mwa mpini lugha yetu inayo tangu zamani, ni noleo, ijapokuwa noleo la mababu halikuzunguka.

Lakini kisu kinachotuhusu zaidi sisi ni kingine, na jina lake limetoka karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Ni Okapi.

Inaelezwa kwamba kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya nchi hiyo ya Afrika. Tukumbuke kwamba Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa miongoni mwa makoloni hayo. Na jina? Mwaka mmoja tu kabla yake, mwaka 1901, Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uganda tangu mwaka 1899, alipeleka London ngozi na mafuvu ya mnyama wa msitu wa Ituri ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamemjua. Henry Stanley alikuwa ametaja habari zake katika kitabu cha mwaka 1890, kwa kuwasikia watu wa msituni. Johnston mwenyewe alipata kwanza vipande vya ngozi vilivyotengenezwa mikanda, akadhani ni punda milia wa namna fulani. Kisha ofisa mmoja Mswidi, Karl Eriksson, aliyekuwa katika kituo cha Mbeni upande wa Kongo, akampelekea ngozi nzima na mafuvu mawili. Mnyama akapewa jina la kitaalamu Okapia johnstoni: nusu ya jina ni ya watu wa Ituri, nusu ni ya Kamishna. Magazeti ya Ulaya yakajaa habari zake. Si ajabu, basi, kwamba mwenye kiwanda aliyetaka jina la Kiafrika la kuuzia kisu chake alilikuta mdomoni mwa kila mtu.

Niliposimulia habari hii darasani, yule mama wa Kivu alisema kwamba amemwona okapi kwenye noti za fedha za kwao, ila hakujua kuwa ni kisu pia.

Okapi la kisu lina mpini wa mti wenye vipande vya madini vilivyopachikwa, mfano wa mwezi na nyota, na mgongoni kuna pete. Ukifungua, meno ya msuka hulia yakipita, na kisu hushikwa. Ukitaka kukifunga, huna budi kuivuta pete. Chuma chake ni cha kawaida, kinashika kutu upesi, lakini kinanoleka hata kwa jiwe la mtoni. Mwaka 1988 kampuni ya Afrika Kusini iliichukua alama hiyo pamoja na mitambo yake, na tangu hapo kikatengenezwa huko. Ni kisu cha mfanyakazi maskini, na kwa sababu hiyo hiyo kimepata sifa mbaya, kwa kuwa wahuni wa vitongoji vya Afrika Kusini walikipenda, na huko Jamaica, ambako huitwa ratchet kwa sababu ya meno yake, kilihofiwa vilevile. Mimi sioni kuwa kosa ni la kisu, lakini nakiri kwamba ule mlio wa meno ukifunguka usiku njiani si mlio wa kumtuliza mtu.

Sasa nieleze kilichonipata mimi, maana bila hicho nisingelijali jambo la komeo kama ninavyolijali. Niliponea pale fundi alipouliza swali lake, sikuponea baadaye. Nilinunua kisu cha kukunja katika kibanda kimoja mjini Mbarara. Kiling'aa, kilikuwa na maandishi ya Kiingereza ubavuni, na muuzaji alinihakikishia kwamba kinafunga. Siku ya tatu nilikuwa nakata kamba za katani zilizofunga maboksi ya vitabu vya shule. Kamba moja ilikuwa ngumu, nikaigeuza ncha nikichokoa kwa kusukuma. Komeo likateleza. Kisu kikarudi nyumbani kwake, na kidole changu cha shahada kilikuwa mlangoni. Tunasema kisu kimegusa mfupa kwa maana ya fumbo. Mimi nalijua fumbo hilo kwa maana yake ya kwanza. Mpaka leo kidole hicho hakikunjiki vizuri, na wanafunzi wangu wamezoea kuniona nikishika chaki kama mtu anayeshika sindano.

Yule mzee fundi viatu alipokitazama kisu changu hakunicheka. Alikifungua, akakishika bapa, akakitikisa kulia na kushoto, kikacheza. Akasema tu, "Mwalimu, hii kisu yako haina mugongo." Kisha akanionyesha kwa utaratibu jinsi anavyochagua yeye. Hutazama komeo kabla ya kutazama makali, kwa kuwa makali yakiwa butu yatanolewa, lakini komeo bovu halina dawa. Hukifungua kisu, huweka vidole mbali na njia ya makali, hukibonyeza mgongo juu ya ubao, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zaidi. Kikilegea hata kidogo hukirudisha. Tuna methali kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na mimi nilikwisha kuifundisha miaka mingi bila kumfikiria mwenye kisu kikali kisicho na komeo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye komeo la namna ya pili, ambalo historia yake nayo ina neno la Kibantu ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fundi Mmarekani, Michael Walker, alitengeneza visu ambavyo ndani ya mpini mna bamba jembamba la chuma lenye ulimi. Kisu kikifunguka, ulimi huruka ukaingia nyuma ya msuka na kuuzuia. Chris Reeve, fundi wa visu wa Afrika Kusini, akaona kwamba bamba la ndani halihitajiki. Mwaka 1987 alibuni kisu ambacho ubavu mmoja wa mpini wenyewe, uliotengenezwa kwa titani, madini mepesi yasiyoshika kutu, umepasuliwa kwa mfuo mrefu hata ukatokea ulimi mnene ulioungana na mpini kwa upande mmoja tu. Ulimi huo umepindwa kidogo kuelekea ndani. Kisu kinapofunguka, wenyewe huingia nyuma ya msuka ukakaza kama kabari. Na uzuri wake ni huu: kadiri mkono unavyoshika mpini kwa nguvu, ndivyo vidole vinavyousukuma ulimi mahali pake. Kazi inapokuwa nzito, komeo huwa imara zaidi. Mwaka 1989 Reeve alihamia Boise, katika jimbo la Idaho, Marekani, na kisu chake kikawa mfano ulioigwa na watengenezaji wa dunia nzima.

Kisu hicho alikiita Sebenza. Kwa Kizulu neno hilo ni "fanya kazi". Kutokana nalo hupatikana umsebenzi, yaani kazi, kwa kiambishi ambacho mwanafunzi wetu yeyote wa ngeli atakitambua bila kuelezwa. Waliopata kufanya kazi katika migodi ya kusini wanalijua pia neno hilo katika Fanagalo, ile lugha ya amri iliyotumiwa migodini, ambamo sebenza lilitoka zaidi katika kinywa cha msimamizi kuliko cha mchimbaji. Baadaye Reeve alikiita kisu kingine Mnandi, yaani kitu cha kupendeza, na kingine Inkosi, yaani mfalme au mkuu. Basi tazama mambo haya: visu viwili vya kukunja vilivyo mashuhuri, kimoja cha maskini na kimoja cha matajiri, vyote vina majina ya Afrika, na katika lugha yetu hatukuwa na jina la kile kinachovifunga.

Kwa mtu wa Nakivale, je, kisu cha namna ya Sebenza chafaa? Chenyewe huuzwa kwa mamia ya dola, na kwa fundi viatu hiyo si bei, ni kejeli. Isitoshe, chuma cha visu hivyo vya gharama ni kigumu mno. Hukaa na makali siku nyingi, lakini yakiisha, jiwe la mtoni haliyarudishi, bali wataka kinoo cha kiwandani. Walakini namna ya komeo lake si mali ya titani peke yake. Wapo wanaolitengeneza kwa bamba la chuma cha kawaida kisichoshika kutu, nalo lafanya kazi, ila mpini huwa mzito. Mwenye kuchagua atazame ulimi unapoingia: usiishie ukingoni mwa msuka, maana utateleza, wala usiwe umekwisha kuvuka hata kugusa ubavu wa pili, maana hiyo ni dalili kwamba umelika na hauna tena pa kusogea. Atazame pia kama kisu kilichofungwa kimekaa katikati ya mpini, au kimeegemea upande mmoja kikijisugua. Kimo cha kidole cha kati chatosha kwa kazi nyingi. Kirefu zaidi ya hapo huwaogopesha watu, na Nakivale nimekwisha kueleza kwa nini jambo hilo ni zito.

Nao wanaongoja kupelekwa nchi za mbali wajue jambo hili. Katika Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, mtu anaruhusiwa kuchukua hadharani kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3; lakini mahakama zimefasiri kwamba kisu chenye komeo hakihesabiwi katika ruhusa hiyo, hata kiwe kidogo namna gani, ila mtu awe na sababu njema ya kuwa nacho. Kile kinachoviokoa vidole vya fundi hapa, huko chaweza kumpeleka kwa hakimu.

Yule mzee wangu alikuwa na shida nyingine ambayo sikuifikiria. Hutumia mkono wa kushoto. Visu vya namna hii hukatwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia: kidole gumba cha kulia ndicho kinachousukuma ulimi ili kisu kifungwe. Ukikishika kwa kushoto, gumba lako liko upande usio na ulimi, na vidole vinne ndivyo vinavyotafuta njia. Alikuwa amejaribu visu vitatu vya dukani, vyote vikamshinda. Kwa hiyo alifanya kama walivyofanya wazee wa Ankole na Buhaya. Alichora umbo la kisu juu ya kipande cha ngozi ya soli, kwa kipimo cha kiganja chake mwenyewe, na ulimi upande wa pili. Akanipa niupeleke Kakoba, mjini Mbarara, kwa fundi wa vyuma mmoja anayechomea milango na madirisha.

Fundi yule alicheka, kisha akavutwa na kazi. Makali aliyakata kutoka katika msumeno mkuukuu wa mbao, mpini kwa bamba la chuma kisichoshika kutu, na ule mfuo akaupasua kwa msumeno wa chuma, akiupunguza unene shinani ili ulimi upate kunyumbuka. Wa kwanza ulivunjika. Wa pili ulinyumbuka lakini haukurudi. Wa tatu ukakaa. Kazi ilichukua majuma sita, na nauli za kwenda na kurudi zilizidi bei ya kisu.

Kuhusu jina, mimi nilipendekeza komeo la mpini, kwa kuwa komeo ni kile kipande kinachosukumwa kufunga mlango kwa ndani, na hapa mpini wenyewe ndio unaokuwa komeo. Kile cha Walker nikakiita komeo la ndani, na kile cha Okapi komeo la pete. Darasa halikukubaliana nami. Mrundi mmoja alisema kuwa kinachofanya kazi pale ni kabari, basi kiitwe kabari. Mganda, ambaye alijifunza Kiswahili ukubwani na bado anakumbuka jinsi wazazi wake walivyokiogopa kwa kukisikia vinywani mwa askari, hasa baada ya Idi Amin kukitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alisema yeye anataka tu neno ambalo muuzaji wa sokoni ataelewa. Wala hakukosea. Tangu mwaka 2005 katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini ukienda dukani Mbarara kuuliza komeo la mpini utaletewa kitasa cha mlango.

Mzee mwenyewe sasa anakitumia kisu chake, hukifungua na kukifunga kwa gumba la kushoto bila kutazama, nacho hukiweka mezani kikiwa kimefungwa mteja anapokaa. Nilipomuuliza ameamua kuliita jina gani, alisema kwamba kwanza alitaka kuona kama litashika mwaka mzima.